Kasubi: kasri la nyasi juu ya kilima

Kasubi ni kilima kilichoko kiasi cha kilomita 5 kaskazini-magharibi mwa kitovu cha jiji la Kampala, nchini Uganda. Mwaka 1882 Mutesa I, kabaka (yaani mfalme) wa Buganda, alijenga hapo kasri la miti, matete na nyasi. Miaka miwili baadaye alifariki, akazikwa ndani ya kasri lake mwenyewe, na makao ya mfalme yakageuka kaburi. Baada yake wamezikwa humo makabaka wengine watatu: Mwanga II, Daudi Chwa II na Edward Mutesa II. Eneo zima lina ukubwa wa karibu hekta 27, na tangu mwaka 2001 limo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Wafalme wa Buganda walipenda vilima. Aliyekaa juu aliona mbali, na watu wote waliomwendea iliwabidi wapande. Lakini hawakung'ang'ania kilima kimoja. Kila kabaka alijenga makao yake, na huyo huyo aliweza kuhama zaidi ya mara moja katika utawala wake. Mwingereza John Hanning Speke, alipofika mwaka 1862, alimkuta Mutesa kwenye kilima cha Banda. Henry Morton Stanley alipokuja mwaka 1875, makao makuu yalikuwa Rubaga. Kwa kuwa majengo yalikuwa ya miti na nyasi, kuhama hakukuwa hasara kubwa. Kilichohama ni mfalme pamoja na mafundi wake, na palipokuwa na mafundi kasri liliweza kusimama upya.

Pwani nayo ilikuwa na njia yake ya kufika huku. Wafanyabiashara waliotoka Unguja walipitia Tabora na Karagwe, wakaingia Buganda mwaka 1844, zama za Suuna II, baba yake Mutesa. Walileta nguo za pamba, bunduki na dini ya Kiislamu. Mutesa alijifunza Kiarabu na Kiswahili, na kuanzia mwaka 1867 alifunga Ramadhani kwa miaka kadhaa. Kanzu iliyokuja na wageni hao imekuwa vazi la heshima la wanaume wa Buganda, na leo hakuna harusi ya Kiganda inayokamilika bila hilo. Wamisionari wa Kianglikana walifika mwaka 1877, na wa Kikatoliki mwaka 1879.

Mutesa alibadili pia desturi ya mazishi. Kabla yake, kila kabaka alizikwa mahali pake peke yake, na taya lake lilitengwa na mwili likahifadhiwa katika nyumba yake maalumu. Yeye alizikwa akiwa na mwili mzima. Mwanawe Mwanga naye alipokuja kulazwa kando yake, desturi ya kila mfalme na kilima chake ilikoma. Ndiyo maana Kasubi pamekuwa na uzito usio na kifani katika Buganda: wafalme wanne wako chini ya paa moja.

Mgeni anayefika Kasubi huingia kwa nyumba ya lango iitwayo Bujjabukula, iliyojengwa kwa nguzo za miti, kuta za matete na paa la nyasi. Ndipo walipokaa walinzi wa mfalme. Akishapita hapo huikuta nyumba ya ngoma za kifalme, Ndoga-Obukaba, kisha uwanja mpana uliozungukwa na nyumba za wajane. Buganda huhesabu kwamba kabaka hafi bali hutoweka, na kwa sababu hiyo nafasi ya wake zake haiachwi wazi. Ukoo wa mke aliyefariki hutoa mwanamke mwingine wa kushika nafasi hiyo, naye huja kukaa zamu ndani ya nyumba kuu. Miaka zaidi ya mia moja na arobaini tangu Mutesa atoweke, wapo wanawake wanaoitwa wake zake.

Nyumba kuu yenyewe inaitwa Muzibu-Azaala-Mpanga. Kwa mbali inafanana na kichuguu kikubwa cha nyasi, kwa kuwa paa lake hushuka mpaka karibu na ardhi. Ina umbo la duara lenye kipenyo cha mita 31, na ndani kimo chake ni mita 7.5. Mlangoni viatu huvuliwa. Sakafu imetandikwa nyasi zenye harufu kama ya mchaichai, na juu yake mikeka, na hapo ndipo mgeni anapoketi. Macho yakishazoea giza, jambo la kwanza linaloonekana ni pete za duara chini ya paa, zilizosukwa kwa ukindu na nyasi, moja ndani ya nyingine mpaka kileleni. Ziko 52, moja kwa kila ukoo wa Buganda. Paa lote limeegemezwa kwenye koo hizo, na wajenzi walikusudia lionekane hivyo.

Koo hazikuishia kwenye pete. Ukoo wa Ngeye, yaani wa mbega, ndio wenye kazi ya kuezeka nyumba za kifalme, na ukoo wa Ngo, yaani wa chui, ndio wenye mapambo. Kazi hizi haziombwi wala haziuzwi. Mtoto huzaliwa nazo, akajifunza kwa baba na babu, na paa linapokwisha nguvu huitwa walio wake.

Mbele ya mgeni hutanda pazia refu la mbugu, ile nguo ya gome la mti. Mbele ya pazia hupangwa mikuki, ngao na picha za makabaka wanne. Nyuma yake ni kibira, msitu mtakatifu, ambako wafalme wamekwenda. Hakuna mgeni anayevuka hapo. Ni wajane na wachache wenye cheo cha kuyatunza makaburi tu.

Mbugu inastahili maelezo zaidi, maana bila hiyo nyumba hii haikamiliki. Hutoka kwa mutuba, mti wa jamii ya mkuyu. Fundi huchuna gome wakati wa mvua, kisha hulifunga shina kwa majani ya mgomba lisikauke, na mti huota gome jipya, hata ukachunwa tena mwaka unaofuata. Gome hupigwa kwa nyundo za mti zilizochongwa mifuo, ndani ya banda lenye kivuli ili lisikauke haraka, mpaka linapanuka na kulainika kama kitambaa. Likianikwa juani hugeuka rangi ya udongo mwekundu. UNESCO iliutambua ufundi huu mwaka 2005.

Wafalme wawili kati ya hao wanne walirudi Kasubi kutoka uhamishoni. Mwanga II alipinduliwa mwaka 1888 akakimbilia kusini mwa Ziwa Viktoria, akarejea, akapigana na Waingereza mwaka 1897, akakamatwa mwaka 1899 na kupelekwa Ushelisheli. Alifia huko mwaka 1903, na mwili wake ukarudishwa mwaka 1910. Mutesa II alifukuzwa kasrini Mengo na wanajeshi wa serikali ya Milton Obote Mei 1966, wakiongozwa na Idi Amin. Alifariki London mwaka 1969, na Amin huyo huyo, akiwa rais, akaurudisha mwili wake mwaka 1971. Daudi Chwa II, baba yake Mutesa II, alifariki kitini mwaka 1939.

Ufalme wa Buganda ulifutwa mwaka 1967 na kurejeshwa mwaka 1993, lakini Kasubi iliendelea kutunzwa. Mwaka 1972 iliwekwa chini ya ulinzi wa sheria ya kumbukumbu za kihistoria.

Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 moto uliteketeza Muzibu-Azaala-Mpanga. Umati ulikusanyika ukilia, na siku iliyofuata, Rais Yoweri Museveni alipofika, yakazuka makabiliano na askari, na watu waliuawa. Makaburi yenyewe, yaliyo chini ya ardhi, yalisalimika. Mwaka huo huo UNESCO iliiweka Kasubi katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Kuijenga upya nyumba hiyo kulichukua zaidi ya miaka kumi. Nyumba iliyoungua nayo haikuwa yote ya mwaka 1882: ukarabati wa 1938 ulikuwa umeingiza chuma na saruji ndani yake. Kilichokuwa cha asili ni mpango wa nyumba, pete zake na haki ya kila ukoo juu ya kazi yake, na hivyo ndivyo vilivyorudishwa. Ngeye waliezeka tena, mbugu mpya zikapigwa, na kwa msaada wa Japani kupitia UNESCO zikawekwa kinga za moto. Septemba 2023, katika kikao cha Riyadh, Kamati ya Urithi wa Dunia iliiondoa Kasubi katika orodha ya urithi ulio hatarini.