Tone la Damu Kutoka Musoma

Nilifundishwa uteuzi wa asili kwa kutumia nondo. Mwalimu wetu wa biolojia alichora miti miwili ubaoni, mmoja wenye gome jeupe, wa pili mweusi kwa masizi ya viwanda. Juu ya kila mti akachora wadudu wawili, mweupe na mweusi, kisha akatueleza jinsi ndege wa Uingereza walivyomdonoa yule aliyeonekana wazi. Hakuna kati yetu aliyewahi kumwona nondo huyo, wala Manchester na moshi wake. Tulikariri, tukafaulu. Siku hiyo dawati moja karibu na dirisha lilikuwa tupu, kwa kuwa mwenzetu alikuwa amelazwa tena kwa maumivu ya mifupa. Tulijua ana sikoseli. Hakuna aliyetuambia kwamba mfano mzito kuliko wote wa somo lile, kwa upande wa binadamu, ulikuwa ndani ya damu yake, na kwamba ulikusanywa huku huku kwetu.

Ugonjwa wenyewe ni wa kale, ila maandishi ya hospitali yanaanzia Chicago. Desemba 1904 alilazwa huko kijana wa miaka 20 aliyeitwa Walter Clement Noel, mzaliwa wa kisiwa cha Grenada, aliyekuwa akisomea udaktari wa meno. Ernest Irons, daktari mwanagenzi, alipoitazama damu yake kwa hadubini aliona seli nyekundu zilizopinda na kuchongoka, tofauti na zile za duara alizozizoea. Mkubwa wake, James Herrick, aliichapisha habari hiyo 1910, na umbo alilolieleza ndilo lililoupa ugonjwa jina lake. Kiswahili nacho kimelitafsiri vizuri kuliko lugha nyingi: selimundu. Anayeujua mundu wa kukatia majani hahitaji picha. Noel alimaliza masomo, akarudi Grenada kung'oa na kuziba meno ya watu wa kwao, na alifariki 1916, akiwa na miaka 32.

Kwa miaka mingi baada ya hapo madaktari walibaki na swali gumu. Walijua kwamba hali hii hurithiwa. Mwaka 1949 James Neel alieleza namna inavyorithiwa: anayepokea kinasaba kutoka kwa mzazi mmoja tu huwa mbebaji na kwa kawaida huishi bila shida, lakini anayekipokea kutoka kwa wazazi wote wawili huugua. Hesabu hii ndiyo wanafunzi wa kidato cha nne huichora katika mraba wa Punnett: wazazi wote wakiwa wabebaji, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Kabla ya dawa za kisasa, watoto wengi wa aina hiyo hawakuufikia utu uzima. Kinasaba kinachoua watoto kilipaswa kupungua kizazi hadi kizazi, hadi kiwe nadra kabisa. Mbona hakikupungua? Mbona palikuwa na jamii za Afrika ambazo zaidi ya mtu mmoja katika watano alikibeba?

Aliyelifuata swali hilo hadi mwisho ni Anthony Allison. Alizaliwa Afrika Kusini 1925 na kukulia katika shamba la Bonde la Ufa, Kenya, karibu na Gilgil. Mwaka 1949, akiwa mwanafunzi wa udaktari wa Oxford, alijiunga na msafara wa chuo hicho uliokwenda Mlima Kenya. Wenzake walishughulika na mimea na wadudu; yeye alikusanya damu za watu wa jamii mbalimbali ili kulinganisha makundi yake. Humo humo alipima na selimundu. Kipimo chenyewe kilikuwa chepesi: tone la damu juu ya kioo, tone la kemikali inayoinyima oksijeni, kisha kusubiri na kuchungulia kwenye hadubini. Seli zenye kinasaba hujikunja zenyewe.

Alichokiona kilimshtua. Pwani na kando ya Ziwa Victoria, wabebaji walikuwa watu 20 hadi 30 katika kila 100. Katika nyanda za juu, kwenye baridi, hawakufika hata mmoja katika 100. Watu hao hawakutofautishwa na lugha wala asili, kwa sababu Wabantu na Waniloti walipatikana pande zote mbili za mgawanyo huo. Kilichowatenganisha ni mbu. Palipokuwa na malaria kali mwaka mzima, selimundu ilikuwa nyingi; mbu alipokosekana kwa sababu ya baridi, nayo ilikosekana. Kijana yule wa miaka 24 akawaza kwamba labda mbebaji, yule mwenye kinasaba kimoja, anakingwa dhidi ya malaria. Lazima niseme kwamba hakuwa peke yake njiani. E. A. Beet, daktari wa Rhodesia ya Kaskazini, alikuwa ameandika mwaka 1946 kwamba wagonjwa wake wenye seli hizo walionekana na vimelea mara chache zaidi kuliko wengine. Lakini Allison ndiye aliyeamua kulithibitisha jambo lenyewe.

Alirudi Afrika Mashariki 1953, udaktari ukiwa mkononi. Karibu na Kampala aliwapima watoto 290 wa Kiganda. Kati ya wabebaji 43, waliokutwa na vimelea vya malaria ni 12. Kati ya 247 wasiobeba, waliokutwa navyo ni 113, karibu nusu. Kisha likaja jaribio ambalo leo nadhani hakuna kamati ya maadili ambayo ingeliruhusu. Wajaluo watu wazima 30, nusu yao wabebaji na nusu si wabebaji, waliambukizwa malaria kwa makusudi. Kati ya 15 wasiobeba, 14 walipata vimelea. Kati ya 15 wabebaji, walipata wawili tu. Makala ilichapishwa mwaka 1954 katika jarida la madaktari wa Uingereza, na kwa miaka mingi wapo waliokataa kuiamini, wakisema watu wazima waliokulia kwenye malaria wanakuwa na kinga nyingine ambayo jaribio halikuitenga vya kutosha.

Makala inawaita watu hao thelathini wajitoleaji. Huwa nasimama kwenye neno hilo. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Kenya Oktoba 1952. Mwafrika hakuwa na sauti mbele ya afisa, mwalimu wala daktari wa kizungu. Mtu aliyeombwa mkono wake uchomwe sindano yenye malaria aliombwa kwa lugha gani, na alielezwa nini? Vitabu vya biolojia vinalitaja jina la Allison, tena kwa haki. Sijaona kitabu cha shule chenye jina la hata mmoja wa wale waliotetemeka kwa homa ili jambo hili lijulikane. Ningependa siku moja mtu akatafute majina hayo.

Miaka hiyo hiyo ya 1953 hadi 1955, Bernard Kettlewell wa Oxford hiyo hiyo alikuwa katika misitu ya Birmingham na Dorset akiwaachia nondo wake juu ya magome na kuhesabu waliosalia. Kazi mbili, chuo kimoja, wakati mmoja. Ya nondo iliingia kila kitabu cha shule cha dunia inayozungumza Kiingereza, na kwa urithi wa mitaala ikafika hadi darasani kwetu. Sina ugomvi na nondo. Ni mfano mzuri. Lakini mtoto wa Ukerewe hapaswi kufundishwa habari za masizi ya Manchester kabla ya habari za damu ya bibi yake.

Ukinitaka nichague namba chache tu katika historia hii nzima, nitachagua za Musoma, kando ya Ziwa Victoria. Mwaka 1956 Allison alichapisha hesabu ya damu za watu wa eneo hilo, akiwaweka watoto wachanga upande mmoja na watu wazima upande wa pili. Watoto walikuwa 287: wasio na kinasaba 189, wabebaji 89, wagonjwa 9. Watu wazima walikuwa 654: wasio na kinasaba 400, wabebaji 249, wagonjwa 5. Zigeuze kuwa asilimia uone. Wabebaji ni 31 katika 100 kwa wachanga, lakini 38 kwa watu wazima. Wagonjwa wanashuka kutoka 3 hadi chini ya 1. Wasio na kinasaba nao wanapungua, kutoka 66 hadi 61. Kati ya utoto na utu uzima pana watu waliotoweka pande zote mbili: huku selimundu imewachukua, kule malaria imewachukua, na katikati anabaki mbebaji. Uteuzi wa asili, ambao sisi tuliukariri kama sentensi ya mtihani, hapo ni orodha ya vifo vya watoto wa Musoma.

Undani wa seli ulifunuliwa na wengine. Linus Pauling na wenzake huko California walionyesha mwaka 1949 kwamba himoglobini ya wagonjwa hawa husafiri tofauti katika uga wa umeme, na kwa hiyo ugonjwa umo katika molekuli yenyewe. Vernon Ingram wa Cambridge, 1957, aliipata kasoro yenyewe: katika mnyororo wa asidi amino 146, asidi ya sita imebadilika, glutamiki imekuwa valini. Kwenye kinasaba ni herufi moja tu, A iliyogeuka T. Himoglobini hiyo ikipungukiwa oksijeni hushikana na kuwa vijiti virefu vinavyoisukuma seli mpaka ipinde. Seli ya kawaida huishi siku 120 hivi. Hizi hufa ndani ya wiki mbili au tatu, na zikiwa hai huziba mishipa midogo. Ndiyo maumivu aliyokuwa nayo mwenzetu wa dirishani. Kwa mbebaji, kimelea kinapoingia katika seli huwa kama kinajichongea: seli hupinda, bandama huikamata na kuiondoa pamoja na kimelea. Zipo njia nyingine za kinga zinazoendelea kuchunguzwa. Utafiti wa Kilifi, pwani ya Kenya, uliochapishwa 2005 ulionyesha kwamba mbebaji hupungukiwa na malaria ya kawaida kwa nusu hivi, na malaria kali kwa karibu asilimia 90. Waliomshuku Allison walijibiwa na watoto wa Pwani.

Tanzania inakadiriwa kupata watoto 11,000 wenye ugonjwa huu kila mwaka. Katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, Profesa Julie Makani na wenzake walianza 2004 kuwafuatilia wagonjwa kwa maelfu, mmoja mmoja, na ndiyo sababu leo tunajua namna ugonjwa unavyoenda katika mazingira yetu. Haidroksiurea, kidonge cha bei isiyolingana hata kidogo na matibabu mapya ya kuhariri vinasaba, ilijaribiwa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda. Matokeo ya 2019 yalionyesha maumivu, malaria na vifo vikipungua. Hayo matibabu mapya yaliruhusiwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023, na Marekani yalipangiwa bei ya dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Allison alifariki California mwaka 2014.

Wale wachanga 287 wa Musoma, walio hai kati yao, sasa wana miaka sabini hivi. Wabebaji wao 89, wale waliokua, walioa na kuolewa, na kila mtoto waliyemzaa alikuwa na nafasi nusu kwa nusu ya kukipokea kinasaba kile kutoka kwao. Wengi wao, nadhani, hawajui kwamba walihesabiwa.