Aliyelia Kimya Hakuhesabiwa

Nilizaliwa Kathiani, Machakos, mvua ya El Niño ya 1997 ikinyesha. Susu husema mamangu alikaa wiki nyingi akiangalia ukuta. Ananyonyesha, anafua nepi, halafu analia. Majirani wengine walisema ni uchovu, wengine wakasema anadeka. Kliniki walinipima uzito kila mwezi, kadi yangu iko hadi leo. Yeye hakuulizwa kitu.

Nilidhani ni kutojua tu. Kumbe kuna mtu alishaandika kwamba sonona karibu haiko kwetu.

Anaitwa J.C. Carothers. Kuanzia 1938 hadi 1950 alisimamia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi. Alipopewa kazi hiyo hakuwa amesomea magonjwa ya akili. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, akidai sonona ni adimu kwa Waafrika. Alitegemea sana hesabu ya waliolazwa Mathari. Sasa jiulize, enzi hizo nani alipelekwa Mathari? Ni yule aliyepiga watu au kuzurura barabarani akipiga kelele. Mama anayelia huku akichambua maharagwe hakusumbua mtu, kwa hivyo hakuhesabiwa.

Miaka ya 70, daktari Mwingereza John Cox alikuwa Uganda. Yeye aliwafuata akina mama waliotoka kujifungua, akawauliza. Sonona akaikuta. Waganda hata walikuwa na jina lao, amakiro, la ugonjwa unaompata mama baada ya kuzaa. Baadaye, akiwa Scotland, Cox na wenzake walitunga maswali 10 kuhusu siku saba zilizopita: kama mama bado anacheka, kama anajilaumu bure, kama amewaza kujidhuru. Yalichapishwa 1987, na leo yanatumika dunia nzima.

Na tiba je? Kule Pakistan, wahudumu wa afya wa vijijini, si madaktari, walifundishwa kumtembelea mama nyumbani na kuongea naye. Wanamsaidia kulikamata wazo linalomwangusha, kama "mimi ni mama mbaya", kulichunguza kama ni kweli, kisha kujaribu jambo moja dogo kabla ya ziara ijayo. Matokeo yalitoka 2008. Mtoto akiwa na miezi sita, akina mama 23 kwa kila 100 walikuwa bado na sonona. Kwa wale waliotembelewa bila mazungumzo hayo, walikuwa 53.

Mwaka 2023 Kenya ilituma wahudumu wa afya ya jamii kama 100,000 milangoni mwa watu. Mkobani wana mashine ya presha na ya sukari. Maswali 10 hayaongezi uzito wowote.

Juzi nilimsomea mama yale maswali kwa Kikamba. Kwa la tatu, lile la kujilaumu, alinyamaza kitambo.

"Hilo," akasema, "wangeniuliza wakati ule."