Mnara wa Spasskaya: Kabla ya saa, palikuwa na mtego

Usiku wa kuukaribisha Mwaka Mpya, Warusi husubiri saa ya Mnara wa Spasskaya ipige. Saa hiyo ndiyo inayoitambulisha ngome ya Kremlin duniani, na sifa zake zimeifunika kazi halisi ya mnara. Mwaka 1491, zama za kati zikielekea ukingoni, ulijengwa kwa ajili ya vita.

Mjenzi alikuwa Pietro Antonio Solari, Mwitalia wa Milano. Mtawala wa Moscow, Ivan wa Tatu, alikuwa na kuta za mawe meupe za mwaka 1367, zilizochakaa ilhali mizinga imeshaingia vitani. Akawaita Waitalia, wakamzungushia ngome ya matofali yenye urefu wa zaidi ya kilomita 2. Solari alifia hukohuko mwaka 1493.

Lango la mnara huo lilikuwa upande wa hatari. Pande mbili za ngome zililindwa na mito, Moskva na Neglinnaya. Upande wa tatu ulikuwa nchi kavu, pale ulipo leo Uwanja Mwekundu. Kwa hiyo mbele ya mnara ikawekwa buruji ya kutangulia, yenye malango ya chuma yaliyoning'inizwa juu. Adui akivunja na kujazana ndani, malango hushushwa, naye hupigwa kutoka juu akiwa kama samaki aliyeingia demani. Ni ubunifu wa kutisha, na kwangu ndio unaostahili kusimuliwa kwanza. Mwanzoni mwa karne ya 16 likachimbwa handaki la maji kati ya mito ile, Kremlin ikazungukwa na maji pande zote.

Mwaka 1571 Devlet Giray, Khan wa Crimea, aliiteketeza Moscow lakini Kremlin hakuitwaa. Kikosi cha Wapoland kilichozingirwa humo mwaka 1612 kilisalimu amri kwa njaa.

Paa la mchongoko na saa ya Mskoti Christopher Galloway vilikuja miaka ya 1624 na 1625. Nyota ya sasa ni ya 1937, na kwa jumla mnara una mita 71.

Sisi wa pwani tunahusika pia. Mwaka 1593 Wareno walipoanza kujenga Fort Jesus, Mombasa, mchoro ulitoka kwa Giovanni Battista Cairati, naye mtu wa Milano. Walimu wa historia, wafundisheni watoto wetu kuhusu mafundi hawa wawili kwa pamoja.