Mawasiliano kwa wanafunzi wa kigeni: Kazi iliyo nyuma ya barua ya udahili

Katika muhula wa baridi wa mwaka 2023/24, vyuo vya elimu ya juu vya Ujerumani vilikuwa na wanafunzi wa kigeni wapatao 380,000. Kabla ya kuingia darasani, walilazimika kupitia maelezo mengi kuhusu tarehe za mwisho za maombi, nyaraka zinazohitajika, masharti ya viza na jinsi ya kupata chumba. Maelezo hayo yana mwandishi. Mara nyingi ni mtu mmoja au wachache tu, katika ofisi ya mahusiano ya kimataifa ya chuo, ambao kazi yao ni kuwasiliana na wanafunzi wanaotoka nje.

Kazi hiyo haijulikani sana Afrika Mashariki, ingawa wanafunzi wa eneo hili wameitegemea kwa miaka mingi. Shirika la Ujerumani la kubadilishana wanataaluma, DAAD, lilianzishwa mwaka 1925 mjini Heidelberg, na ofisi yake ya Nairobi imekuwapo tangu mwaka 1973. Zamani kijana wa Kisumu au Mwanza aliyetaka habari za vyuo vya Ujerumani aliandika barua na kusubiri jibu kwa wiki kadhaa. Leo anapata majibu kumi kwa dakika moja, na tatizo lake ni kujua lipi kati ya hayo ni la kweli.

Kutangaza chuo ni jambo moja, kusaidia ni jingine

Watu wengi huchanganya kazi hii na ile ya kukitangaza chuo. Anayekitangaza huonyesha picha za maktaba na bustani ili kijana aombe nafasi. Kazi ya mawasiliano ya msaada huanza pale kijana anapokubaliwa, na huendelea hadi anapohitimu. Ndiyo yenye habari zisizopendeza: kwamba vyumba vya wanafunzi vimejaa, kwamba miadi ya ubalozini inaweza kuchukua miezi, kwamba fedha zilizoletwa hazitoshi.

Vyuo vingi vya umma vya Ujerumani havitozi karo, lakini si vyote. Jimbo la Baden-Württemberg linawatoza wanafunzi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu mwaka 2017, na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich kilianza kuwatoza kati ya euro 2,000 na 6,000 kwa muhula katika muhula wa baridi wa 2024/25. Mwombaji anayesikia tu kwamba "Ujerumani masomo ni bure" anaweza kuligundua hilo akiwa amechelewa. Mwandishi mzuri wa ofisi hizi huliweka jambo hilo juu kabisa ya ukurasa, hata kama wakuu wake wangependa likae chini.

Tarakimu moja ikikosewa

Mfano ulio wazi zaidi ni akaunti maalumu ambayo Wajerumani wanaiita Sperrkonto. Mwombaji wa viza ya masomo asiye na ufadhili anaweza kuitumia kuthibitisha kwamba ana fedha za kujikimu kwa mwaka mmoja. Fedha hizo huzuiwa, kisha hutolewa kidogo kidogo kila mwezi baada ya mwanafunzi kufika. Hadi Agosti 2024 kiwango kilichotakiwa kilikuwa euro 11,208. Kuanzia Septemba 2024 kikawa euro 11,904, yaani euro 992 kwa mwezi.

Tofauti ni euro 696. Kwa ofisi ya chuo, huo ni mstari mmoja wa kusahihishwa. Kwa familia iliyouza kipande cha ardhi au kuchangisha ndugu ili kufikisha kiwango cha zamani, ni safari ya kuanza upya kutafuta fedha wakati tarehe ya kufunguliwa masomo inakaribia. Ukurasa ambao haukurekebishwa kwa wakati unaweza kumgharimu mtu muhula mzima.

Mabadiliko ya aina hii hutokea mara kwa mara. Tangu Machi 2024 mwanafunzi wa kigeni anaruhusiwa kufanya kazi siku 140 kamili kwa mwaka, au nusu siku 280. Kabla ya hapo zilikuwa 120 na 240. Na tangu Julai 1, 2025, Ujerumani imefuta utaratibu wa bure uliomruhusu mtu aliyenyimwa viza kuuandikia ubalozi na kupinga uamuzi. Sasa njia zilizobaki ni kuomba upya au kufungua kesi katika mahakama ya utawala mjini Berlin, na kesi ina muda maalumu wa kuifungua. Anayefuata ushauri wa zamani anaweza kuupoteza muda huo akiandika barua ambayo haitafanyiwa kazi.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hii ni upekuzi. Mtumishi hufuatilia matangazo ya wizara na balozi, husahihisha kurasa, hufuta za zamani, na huandika tarehe ya marekebisho mahali panapoonekana. Hakuna anayemsifu mtu kwa ukurasa alioufuta, lakini pengine hiyo ndiyo huduma kubwa kuliko zote.

Barua kwenye sanduku la posta

Mwanafunzi akishafika, tatizo linageuka kuwa la lugha. Kwa kawaida anatakiwa kusajili anwani yake ndani ya wiki mbili baada ya kuhamia kwenye makazi. Muda si mrefu baada ya hapo hupata barua ya Kijerumani ikimtaka alipe ada ya utangazaji wa redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi. Hana televisheni, hakuagiza chochote, na ameonywa kuhusu matapeli. Anaitupa. Lakini barua ni halali, na deni hukua.

Ofisi inayojua kazi yake humwandikia mapema, kwa maneno mepesi: barua hii itakuja, inaonekana hivi, ada ni ya nyumba na si ya kila mtu, hivyo mnaoishi nyumba moja mnaweza kugawana. Kutafsiri sheria neno kwa neno hakutoshi hapa. Inabidi mwandishi ajue msomaji anatoka wapi, na kwa nini barua ya namna hiyo inamtia shaka.

Swali la wazazi

Kuna mgongano mmoja ambao watumishi hawa hukutana nao hasa na familia za Kiafrika. Mzazi anapiga simu kuuliza kama mwanawe amefaulu, au kwa nini hapatikani. Mwanafunzi ni mtu mzima, na chini ya kanuni za Umoja wa Ulaya za ulinzi wa data, zilizoanza kutumika Mei 2018, kwa kawaida chuo hakiwezi kutoa habari zake bila idhini yake. Mzazi aliyelipa kila kitu huona huo ni ukatili. Jibu linaloweza kutolewa ni dogo, kama vile kuahidi kumfikishia mwanafunzi ujumbe. Jinsi linavyosemwa ndiyo tofauti kati ya mzazi aliyeelewa na mzazi aliyefukuzwa.

Hali inapoharibika

Februari 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine, maelfu ya wanafunzi wa Kiafrika walijikuta kwenye vituo vya treni na mipakani. Umoja wa Afrika ulitoa taarifa Februari 28 ukieleza wasiwasi wake kuhusu Waafrika waliozuiwa kuvuka mpaka. Katika mji wa Sumy, wanafunzi wa kigeni walikwama hadi walipohamishwa Machi 8. Makundi ya WhatsApp na Telegram yaliyoendeshwa na wanafunzi wenyewe yalisambaza habari za njia na magari.

Vyuo vingi vya Ujerumani husita kutumia WhatsApp kama njia rasmi kwa sababu za faragha, na hoja yao ina uzito. Lakini dharura haisubiri mtu afungue barua pepe ya chuo. Namba za simu zilizothibitishwa na watu wa kuwasiliana nao katika kila jumuiya ya wanafunzi huhitajika kabla ya siku hiyo.

Nani anaajiriwa?

Wengi huingia wakiwa wamesomea mawasiliano, lugha au elimu, na baadhi waliwahi kuwa wanafunzi wa kigeni wenyewe. Kijerumani kizuri kwa kawaida ni sharti, kwa kuwa nusu ya kazi ni kuzungumza na idara za serikali. Njia rahisi ya kuanza ni ajira ya mwanafunzi msaidizi chuoni, ambayo haihesabiwi katika zile siku 140. Baada ya kuhitimu, sheria inampa mtu hadi miezi 18 ya kutafuta ajira.

Mishahara katika vyuo vya umma hufuata viwango vya watumishi wa majimbo. Mikataba mingi ni ya muda maalumu, na inapokwisha, anayejua ni kurasa zipi zimepitwa na wakati huondoka nayo.