Mandhari Kabla ya Kamera: Ufundishaji wa Filamu kutoka Moscow hadi Studio ya Skrini

Mwaka 1919 ilianzishwa mjini Moscow shule ya filamu inayohesabiwa kuwa kongwe kuliko zote duniani. Wakati huo utepe wa filamu ulikuwa adimu. Lev Kuleshov, aliyefundisha huko, aliwapa wanafunzi wake mazoezi ya “filamu bila filamu”: waliigiza jukwaani matukio yaliyogawanywa kana kwamba kamera ilikuwa ikiyapiga picha moja baada ya nyingine. Uhaba huo ulidhihirisha kwamba maamuzi ya mwongozaji yanaweza kufundishwa kabla ya mashine kupatikana.

Funzo hilo lina uzito mpya leo, ambapo studio humzungushia mwigizaji mandhari ya kompyuta. Mbinu yenyewe ina mizizi mirefu. Katika King Kong (1933), waigizaji walisimama mbele ya skrini iliyorushiwa picha kutoka nyuma. Katika 2001: A Space Odyssey (1968), picha za mnato zilizopigwa Namibia zilirushwa kutoka mbele, ilhali waigizaji walikuwa studioni Uingereza. Baadaye skrini ya kijani iliruhusu mandhari kukamilishwa baada ya upigaji picha. Mfululizo wa The Mandalorian, ulioanza kuonyeshwa Novemba 2019, uligeuza mpangilio huo. Ukuta uliopinda wa skrini za LED, wenye kimo cha takriban mita 6, ulionyesha mandhari iliyobadilika papo hapo kadiri kamera ilivyosogea, na mwanga wake ukawaangukia waigizaji.

Badiliko hilo lagusa kiini cha mtaala. Katika mpangilio uliozoeleka, mwanafunzi wa picha za kompyuta huingia kazini mwishoni. Mbele ya ukuta wa LED, mandhari sharti iwe tayari siku ya kupiga picha. Hivyo mwongozaji, mpigapicha, mbunifu wa mandhari na mtaalamu wa kompyuta huamua pamoja tangu mwanzo. Aliyezoea kuahirisha maamuzi hadi wakati wa uhariri hukuta mandhari na mwigizaji vimekwisha kuwa picha moja.

Kwa Afrika Mashariki, swali la kisera ni nini kitangulie. Ukuta kamili ni ghali na hudai umeme wa uhakika. Kwa upande mwingine, Unreal Engine, programu ya kuundia michezo ya kompyuta iliyotumika katika mfululizo huo, hupakuliwa bila malipo tangu 2015. Kompyuta yenye nguvu, projekta na kamera moja vyatosha kumfundisha mwanafunzi kuoanisha mwanga, vipimo na mtazamo. Aidha, Maisha Film Lab, iliyoanzishwa na Mira Nair mwaka 2004 na yenye makao Kampala, imewakutanisha watengenezaji filamu chipukizi wa Uganda, Kenya, Tanzania na Rwanda. Utaratibu wa namna hiyo waweza kuzaa studio moja ya pamoja, badala ya kila nchi kujinunulia ukuta wake. Walimu wakiandaliwa kwanza, studio hiyo itapata watu wanaojua la kuifanyia siku itakapofunguliwa.