KUANIKA NI NUSU YA KUWASHA



Apitaye leo Lavington huona majumba na bustani, wala hadhani kwamba pale palikuwa na mashamba ya kahawa. Mapadri wa Roho Mtakatifu walianzisha Misheni ya St. Austin's mwaka 1899, na mbegu ya kahawa yao ilitoka misheni ya Bura, Taita. Kahawa ile ikaenea nchini kwa jina la French Mission.

Mashambani vibarua walijifunza kazi isiyotajwa sana katika historia, yaani kuanika. Kahawa iliyooshwa ilitandazwa juu ya vitanda, ikageuzwageuzwa juani, ikafunikwa mvua ilipotisha, hata maji yakabaki kama sehemu 11 katika 100. Baada ya kukobolewa, maganda yakawa taka.

Taka hiyo ilipata heshima miaka ya 1980, ambapo Kenya Planters' Co-operative Union iliyaunguza maganda hayo jijini Nairobi pasipo kuyaacha yawe majivu, ikayachanganya na molasi na kuyashindilia yawe makaa. Baadaye kampuni ya maji ya Nakuru ikaenda mbali zaidi: tope la vyoo huanikwa, huunguzwa tanuruni hata vijidudu vikafa, huchanganywa na unga wa mbao uliounguzwa na molasi, huviringwa, kisha huanikwa mara ya pili.

Kuanika huko kwa pili ndiko kwenye somo. Kaa bichi hutumia moto wake kuchemsha maji yaliyomo ndani yake kabla ya kuipasha sufuria. Hutoa moshi, na mnunuzi harudi tena.

Kwa muda mrefu makaa ya msituni yaliyashinda haya kwa bei, kwa kuwa mara nyingi mchomaji hakuulipia mti. Februari 2018 Serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma, na bei ya gunia ikapanda; marufuku hayo yaliondolewa mwaka 2023. Walioumia ni wenye majiko madogo, kama jirani zetu wa Kawangware.

Basi, vijana wetu wakitaka biashara hii, wasianze kwa kununua mashine. Wajenge kwanza vitanda vya kuanikia, na paa juu yake. Nanyi wazee mliogeuza kahawa juani, msidhani ujuzi wenu umepitwa. Waonyesheni vijana namna ya kulijua lililokauka kwa mkono na kwa jino.