Witzenhausen: mji mdogo wenye shule ya wakoloni

Wandugu, tangu nimalize lisansi natafuta nafasi ya masta ya agronomi huko Ulaya, na jina moja linarudi kila mara: Witzenhausen. Ni mji mdogo tu, watu kama 15,000, katikati ya Ujerumani, kando ya mto Werra. Una nyumba za zamani za mbao na udongo, na mashamba ya cheri. Nikajiuliza: mji wa namna hii unajua nini juu ya kilimo cha inchi zetu za joto?

Kumbe jibu liko chungu kidogo. Mwaka 1898 walianzisha pale Shule ya Wakoloni, ndani ya majengo ya zamani ya watawa. Mkurugenzi alikuwa pasta mmoja, Ernst Albert Fabarius. Vijana wa Kijerumani, rika letu kabisa, walifundishwa kilimo, mifugo na kazi za mikono, kisha wakaenda kusimamia mashamba huko Namibia, Kameruni na Afrika Mashariki ya Kijerumani. Hii ya mwisho ilifika mpaka kwenye ziwa Kivu, maana Rwanda na Burundi zilikuwa ndani yake. Jirani kabisa.

Kisha vita ya kwanza Ujerumani ikanyang'anywa makoloni. Shule je? Iliendelea mpaka wakati wa vita ya pili! Kufundisha watu kusimamia mashamba ya wengine wakati mashamba yenyewe hauna tena, mimi hapo nilishangaa. Hata Walther Darré, waziri wa kilimo wa Hitler, alisoma pale.

Tangu 1971 masomo yako chini ya iniversite ya Kassel, na leo fakulte inajulikana kwa kilimo hai. Pipa la pekee la takataka za jikoni, za kutengeneza komposti, Ujerumani ililijaribu kwanza katika mji huu, 1983. Kuna nyumba ya vioo ambamo kahawa, kakao na ndizi vinakua hata wakati wa baridi kali. Kuna pia makumbusho ya vitu vilivyoletwa na wanafunzi wa zamani kutoka makoloni. Vilinunuliwa? Vilichukuliwa tu?

Rafiki yangu aliniambia: "We, achana na historia, tuma dosie." Bado sijatuma. Katika barua lazima nieleze kwa nini nimechagua Witzenhausen. Aya ya komposti iko tayari. Ile ya shule, naifuta na kuiandika tena.